Msiimalize hasira ya Jumatatu kwa chai

Wadogo zangu mlioanza kazi za kompyuta mwaka huu, nina kisa cha kuwapa kabla hamjazoea dawa ya kuzima na kuwasha.

Mwaka wangu wa kwanza kazini, Ijumaa jioni niliiacha programu ikichakata data, nikaenda zangu harusini. Jumatatu nikakuta ilikufa Ijumaa ile ile saa tatu usiku, kisa mstari mmoja mbovu wa data. Nikasonya, nikaianzisha upya, nikanywa chai. Baada ya wiki mbili ikafa tena, nami nikasonya tena. Miaka ikapita ndipo nikasoma habari za Richard Hamming, nikaona aibu.

Hamming, mzaliwa wa Chicago wa mwaka 1915, alikuwa mwanahisabati. Mwaka 1946 aliingia Bell Labs, maabara ya utafiti ya kampuni ya simu ya Marekani, akitokea Los Alamos, maabara iliyotengeneza bomu la atomiki. Mashine za kukokotoa za pale zilikuwa za relei, yaani swichi za umeme zinazofunga na kufunguka. Siku za kazi, mashine ikigundua kosa ilisimama, mhudumu akaja kuitengeneza. Wikendi mhudumu hayupo, basi ilikuwa inaitupa kazi yenye kosa na kushika ya mwingine. Hamming hakuwa na kipaumbele, zamu yake ndiyo hiyo ya wikendi. Wikendi mbili mfululizo akarudi Jumatatu mikono mitupu. Alikasirika, tena sana. Ila yeye hasira ilimtoa swali: ikiwa mashine inaweza kujua kuna kosa, inashindwaje kujua liko wapi na kulisahihisha yenyewe?

Jibu alilichapisha mwaka 1950. Chukueni karatasi, maana jambo hili halieleweki kwa kusimuliwa. Tuna biti nne (kila biti ni 0 au 1) za kutuma: 1, 0, 1, 1. Ziwekeni kwenye nafasi ya 3, 5, 6 na 7. Nafasi ya 1, 2 na 4 ni za walinzi. Mlinzi wa 1 anahesabu nafasi 1, 3, 5, 7. Wa 2 anahesabu 2, 3, 6, 7. Wa 4 anahesabu 4, 5, 6, 7. Kila mmoja hujichagulia 0 au 1 ili jumla ya kundi lake iwe shufwa. Mtapata 0110011.

Sasa iharibuni nafasi ya 5: 0110111. Mlinzi wa 1 anapata witiri, analalamika. Wa 2 yuko sawa. Wa 4 analalamika. Jumlisheni wanaolalamika: 1 na 4, ni 5. Kosa limejitaja lenyewe! Mimi mara ya kwanza nilirudia kwa nafasi zote saba, nikidhani kuna mahali nitamkamata Hamming. Memori za seva hadi leo zinalindwa na hesabu za ukoo huo.

Mwaka 1986 Hamming alitoa mhadhara kwa watafiti, akasema jambo ambalo huwa nawaambia wanaokaa na spika za masikio kutwa. Aliona kwamba anayefunga mlango wa ofisi hufanya kazi nyingi leo na kesho, lakini miaka kumi baadaye hajui ni kazi ipi yenye maana. Mwenyewe alikiri hawezi kuthibitisha kipi kilizaa kipi. Mimi namwamini nusu: kuna wiki za kufunga mlango, hasa mkiwa bado mnajifunza. Katika mhadhara huo huo alikiri pia kwamba wakati mwingine alimsahau mkewe kwa ajili ya kusoma. Hilo msimwige.

Na ile programu yangu? Alikuja mwanafunzi wa mafunzo kwa vitendo, hata kiti chake mwenyewe hana, akaniuliza: “Kaka, kwani lazima ife? Si iuweke pembeni huo mstari iendelee na mingine?” Aliandika mistari sita ya programu, ikatosha. Nilikuwa nimeianzisha upya kwa miaka miwili.