Usiku wa nne wa kuandika

Mama alitutoka Tukuyu mwezi Juni, baridi ikiwa kali, nami nikiwa Uyole napakia viazi. Baada ya matanga kila mtu aliniambia nijikaze. Nilijikaza miezi mitatu, usingizi ukanipaa, nikawa nafokea watoto kwa jambo dogo.

Nesi mmoja akanishauri niandike. Nikanunua kauntabuku Mwanjelwa, na watoto wakishalala nabaki jikoni, ndiko kwenye joto. Usiku wa kwanza nilimmwagia kaka hasira zote: kwa nini hakunijulisha mapema mama alipozidiwa? Kurasa tatu. Nililia, nikalala vibaya kuliko jana yake.

Ningejua mapema kwamba maumivu hayo ni ya kawaida, nisingetaka kuacha. Mwaka 1986 wanasaikolojia wa Marekani, James Pennebaker na Sandra Beall, walichapisha utafiti wao. Wanafunzi wa chuo waliandika dakika 15 kwa siku, siku 4 mfululizo. Walioeleza tukio lililowaumiza pamoja na hisia zao walimaliza wakiwa na huzuni zaidi, lakini miezi iliyofuata walikwenda zahanati ya chuo mara chache kuliko walioandika mambo ya kawaida.

Usiku wa nne niliacha kulaumu, nikaandika siku ile ilivyokwenda, saa kwa saa. Ndipo zikatokea kwenye ukurasa simu mbili alizonipigia kaka siku ile. Nilikuwa nahesabu magunia kwenye fuso, nikasema nitampigia baadaye. Msiba ule nilikuwa nimeusimulia kwa watu wengi mno, na simu zile sikuwahi kuzitaja.

Kwa hiyo nakusihi, andika tukio lenyewe na ulivyojisikia, vyote viwili. Tumia lugha inayokujia. Mimi nachanganya Kiswahili na Kinyakyusa. Dakika 15 zikiisha, funga. Daftari lifiche au lichome, maana ukijua kuna atakayesoma utaanza kujitetea. Jambo likiwa bado bichi mno hata unatetemeka, liache kwanza. Na ukiwaza kujidhuru, usingoje daftari: mwambie mtu wa karibu akupeleke hospitali siku hiyohiyo.

Asubuhi yake nilimpigia kaka, nikamsomea ukurasa ule. Alikaa kimya kitambo.

“Nilijua, mdogo wangu,” akasema. “Niliogopa kukukumbusha.”