Dhamana baada ya hukumu ya dawa za kulevya: kwa mawakili wanaoanza

Jalada la mtu aliyetiwa hatiani na Mahakama Kuu ya Zanzibar kwa kosa kubwa la dawa za kulevya si la kuombea dhamana kwa hoja za kabla ya hukumu. Dhana ya kutokuwa na hatia imeshaondoka. Kipimo ni kile cha shauri la Raghbir Singh Lamba la 1958: sababu za kipekee, zisizo za kawaida, na rufaa inayoelekea wazi kushinda. Tabia njema na watoto wanaomtegemea, peke yake, havitoshi. Familia itakuja na barua ya sheha, yaani kiongozi wa serikali wa shehia yao. Ipokeeni kwa heshima, lakini itumieni kwenye masuala ya wadhamini tu.

Anzeni na notisi ya rufaa: siku 30 tangu hukumu, kwa Mrajis wa Mahakama Kuu, pale pale hukumu ilipotolewa. Ikiwa ni Chake Chake, Pemba, msivuke nayo kuja Unguja. Kanuni ya 11 ya Kanuni za Mahakama ya Rufani za 2009 inaruhusu dhamana kwa aliyekwisha kutoa notisi. Bila hiyo, ombi halina miguu.

Kisha someni hukumu, kalamu mkononi. Kesi hizi hupasuka zaidi kwenye utunzaji wa vielelezo. Wekeni hati ya ukamataji kando ya ripoti ya Mkemia Mkuu, mlinganishe idadi ya kete (vifurushi vidogo vya dawa), lakiri, tarehe, nani alimkabidhi nani. Uzito ukitofautiana, angalieni kwanza kama upimaji mmoja ulikuwa pamoja na vifungashio. Wengi hupiga kelele hapo bure. Kete zikipungua njiani na hukumu ikakaa kimya, hiyo ndiyo hoja. Lakini lazima ionekane usoni mwa hukumu. Jaji wa dhamana hasikilizi rufaa, na hoja inayohitaji saa nzima kuielezea mwisho wake ni kukataliwa.

Ugonjwa nao huandikwa vibaya. Cheti kinachosema "ana kisukari" hakisaidii. Daktari aeleze ni tiba gani anayoihitaji ambayo Chuo cha Mafunzo, yaani gereza la Zanzibar, hakiwezi kumpatia wala kumpeleka kuipata. Kwenye kiapo, semeni chanzo cha kila taarifa, msitie mabishano ya kisheria, na hakikisheni kamishna wa viapo ameandika mahali na tarehe. Pengo hilo dogo limeshaangusha maombi mazuri.

Uamuzi wa kukataa ukifikishwa mahakama ya juu, hapo linapimwa jambo jingine. Dhamana ni hiari ya jaji, na Mbogo dhidi ya Shah (1968) inataka mwonyeshe alijielekeza vibaya kisheria, alizingatia yasiyohusika, aliacha yanayohusika, au alikosea waziwazi. Nukuuni aya ya uamuzi wake. Kurudia ombi la mwanzo neno kwa neno ni kumpotezea muda mtu aliyefungwa. Wakati huo huo, kila wiki fuatilieni kwa Mrajis nakala ya mwenendo wa kesi, maana rufaa haisikilizwi bila hiyo.