Nilimkaribisha chakula, nikamwacha nje

Zamu ya usiku, hapa Minnesota, Marekani, nilikuja kazini na pilau. Mwenzangu, mama mtu mzima kutoka Leech Lake, eneo la Waojibwe, ndiye aliyekuwa akinifundisha Kiojibwe, lugha ya wenyeji wa asili wa huku, maneno mawili matatu kila tukipumzika. Nikataka kumwambia "tutakula", nikajitutumua: *Niwii-wiisinimin!* Akacheka mpaka akaegemea ukuta. "Haya, kuleni," akasema, "mimi nitawatazama."

"Tu-" yetu ni moja, inambeba yeyote. Wao wanazo mbili. *Niinawind* ni sisi bila wewe unayeambiwa. *Giinawind* ni sisi pamoja nawe. Gi- ni alama ya "wewe", kwa hiyo ukitaka kumwingiza msikilizaji unaanza naye: *giwii-wiisinimin*. Mimi niliing'ang'ania ni- kwa kuwa inafanana na ya kwetu, na kwa kweli *niwiisin* ni "ninakula". Ufanano huo ni wa bahati tu, tena ndio ulioniponza.

Hata hivyo, nakushauri ujifunze lugha hii kwa akili ya Kiswahili, usipitie Kiingereza. Mwingereza huona ajabu mtu, wakati na tendo kushonwa katika neno moja. Sisi tumekua nayo. *Ni-wii-wiisin*: mimi, nia au wakati ujao, kula. Mpangilio ule ule wa ni-ta-kula. Tofauti ni kwamba wao huweka mambo mengi mkiani pia: *wiisini* ni anakula, *wiisiniwag* ni wanakula.

Ngeli nazo zitakupa nafuu, halafu zitakusaliti. Nomino za Kiojibwe ni makundi mawili, zenye uhai na zisizo na uhai, na kitenzi hufuata kundi. Kiatu, *makizin*, hakina uhai: *niwaabandaan*, nakiona. Jiwe, *asin*, lina uhai: *niwaabamaa*, kama unavyomwona mtu. Rasiberi ina uhai, stroberi haina! Nilipouliza sababu, mama yule aliniuliza kwa nini kwetu meza iko pamoja na nyumba. Nikanyamaza. Tangu hapo kila neno naliandika na wingi wake, maana wingi ndio unaofichua kundi: *asiniig* ina g mwishoni, *makizinan* ina n. Ukikariri umoja peke yake utarudia kazi, kama mimi nilivyorudia daftari zima.

Matamshi yana mitego michache. Usizisome a, i na o fupi kwa uwazi wa Kiswahili. A fupi humezwa, hutoka hafifu. Zikiandikwa mbilimbili, vuta. *Agim* ni "mhesabu", *aagim* ni kiatu cha kutembelea thelujini. Ni kama kufa na kufaa, huwezi kupuuza. E huandikwa moja lakini siku zote ni ndefu. Zh hatuna, ila ndugu zetu wa Kongo waliosoma Kifaransa wanayo tayari, ni j ya "bonjour". Na alama ile ya ' si ya ng'ombe: hapo koo hujifunga ghafla, kama unavyomkemea mtoto anayegusa moto, "a'a!" Ijaribu katika *ode'*, moyo wake.

Kwa kusikiliza, tumia kamusi ya mtandaoni ya Chuo Kikuu cha Minnesota, Ojibwe People's Dictionary, yenye sauti za wazee wenyewe. Mimi hurudia neno moja mara kumi nikiosha vyombo. Lakini ukimpata mzee wa kukufundisha, kamusi ikae pembeni. Uliza kwanza kama inafaa umpelekee tumbaku, *asemaa*. Kwa wengi ndiyo adabu ya kuomba elimu.

Tena, shika lahaja moja mpaka ikukae. Niliyojifunza mimi ni ya Minnesota. Siku moja nikakutana na mtu wa kisiwa cha Manitoulin, Ontario, Kanada, ambako irabu fupi nyingi hudondoshwa, naye akakiita kiatu *mkizin*. Nilifurahi kama niliyekutana na mtu wa Tanga. Wingi wake, kwa taarifa yako, si wakizin.