Mahafali yetu hayakufanyika 2020. Je, namwonea wivu mdogo wangu?

Swali: Shikamoo Mwalimu. Nilimaliza kidato cha sita mwaka 2020 katika shule ya wasichana ya masista, mkoani Kilimanjaro. Mahafali yalikuwa yafanyike Aprili. Tulishapimwa majoho, risala ya wahitimu ilishaandikwa, na aliyechaguliwa kuisoma ni mimi. Machi 17 Serikali ikafunga shule kwa sababu ya korona, tukapanda mabasi tukijua ni siku 30 tu. Baba alikuwa dereva wa watalii Arusha. Wageni wakaacha kuja, gari likaegeshwa, nyumbani tukaanza kuuza vitumbua. Tuliporudi Juni tukafanya mtihani, tukatawanyika. Nilifaulu, nikasoma uhasibu, sasa nafanya kazi Dodoma.

Mdogo wangu anamaliza kidato cha nne mwaka huu, shule ileile. Baba amenunua kitenge, tushone sare familia nzima. Nimewaambia sitakwenda, nimebanwa na kazi. Ukweli ni kwamba nikiona picha za maandalizi koo linanikaba. Mama anasema huo ni wivu, na kwamba mwaka ule watu walipoteza ndugu zao, mimi nalilia keki. Naomba uniambie bila kunificha: ni wivu?
*Mhitimu wa 2020, Dodoma*

Jibu: Marahaba, mwanangu. Si wivu. Mwenye wivu hataki mwenzake apate, na katika barua yako yote hujasema mdogo wako asivishwe maua. Keki pia sikuiona. Nilichoona ni risala uliyoandika kwa mkono wako na hukupata kuisoma.

Mwaka ule nilikuwa bado nafundisha, katika shule nyingine ya masista, kwa hiyo unachokisema nakijua. Kidato cha sita mlirudi Juni 1, peke yenu. Asiyesoma bweni hawezi kuelewa maana ya hilo. Shule iliyozoea kelele za wasichana wa vidato vyote ikabaki na darasa moja. Kwetu bwaloni viti vilitenganishwa, kila msichana akala akiwa ameelekea mgongo wa mwenzake. Ndoo za maji na sabuni kila mlango, barakoa za kitenge zimeanikwa kwenye kamba ya bweni pamoja na soksi. Wazazi hawakuruhusiwa kuja kutembelea. Usiku nikisimamia prepo nilikuwa nawasikia wakiulizana kwa minong'ono nani nyumbani kwao anakohoa.

Mtihani ukaanza Juni 29, na siku hiyohiyo shule zote nchini zikafunguliwa. Hapo ndipo penye uchungu wenu, na watu wengi hawakupaona. Mahafali ni kazi ya wadogo. Wao ndio wanaopamba ukumbi kwa mikono yao, wanaotunga wimbo wenye majina yenu, wanaojipanga pande mbili mpite katikati. Mwaka ule walifika getini na magodoro kichwani wakati ninyi mko ndani ya chumba cha mtihani. Tena hapa kwetu mahafali hutangulia mtihani, ili msichana aingie kwenye mtihani akiwa ameshaombewa na kuagwa. Ninyi mliingia bila kuagwa, na Julai 16, mtihani ulipokwisha, kila mmoja aliwahi basi lake.

Mama yako hajasema uongo, watu walipoteza ndugu. Lakini mwenye huzuni kubwa hapunguziwi chochote kwa wewe kunyamazia yako. Nimewasikia wazazi wengi wakiwajibu hivyo watoto wa mwaka ule, na kila mara naona wanafunga mlango ambao mtoto alikuwa anajaribu kuufungua kwa adabu.

Mimi nilimaliza kidato cha nne mwisho wa mwaka 1983, kwa masista, mkoani Ruvuma. Waliokuwapo wanaukumbuka mwaka huo: vita vya Kagera vilikuwa vimekwisha lakini nchi haijapata nafuu, Waziri Mkuu Sokoine anawasaka wahujumu uchumi, foleni kwenye duka la ushirika tangu alfajiri, na ugali ni wa unga wa Yanga, ule wa njano. Sare zetu nyeupe tulizifua kwa majani ya mpapai. Mafuta ya gari yalikuwa adimu, kwa hiyo wazazi waliofika siku ya kutuaga ni wale wa vijiji vya karibu, waliotembea kwa miguu. Wangu hawakuweza. Hapakuwa na soda wala wali. Tulisali Misa, kisha Sista Mkuu akasimama mbele ya altare na mche wa sabuni alioukata vipande kwa uzi, kila kipande kimefungwa kwenye karatasi ya daftari. Alituita mmoja mmoja, jina la ubatizo na la ukoo, na juu ya kila aliyeitwa Sista alisema neno moja ambalo wengine hatukulijua. Juu yangu alisema kwamba nilikuwa naamka kabla ya kengele kumchotea maji msichana aliyekuwa na pumu. Sikujua kama kuna mtu aliyeniona. Kile kipande nilikipeleka nyumbani, mama akakifulia kanga yake ya kwendea kanisani.

Nakueleza haya kwa sababu nataka ujue unachodai hasa. Ni kuitwa kwa jina lako, mbele ya watu waliokulea, na kuambiwa nenda. Hilo lilifanyika 1983 bila sukari. Lingeweza kufanyika hata 2020, kwa dakika chache, uwanjani, kila mtu na barakoa yake. Shuleni kwenu halikufanyika. Siwalaumu masista, walikuwa na hofu ya maisha ya watoto wa watu mikononi mwao. Lakini deni lipo, na wewe hujakosea kulihisi.

Sasa mtazame baba yako. Kwenye mahafali mzazi naye huitwa. Hutoka kitini kwake akicheza mpaka mbele, anamvisha mwanawe maua, anapigwa picha akiwa amemshika bega. Baba yako mwaka 2020 alikuwa na gari lililoegeshwa na vitumbua vya kuuza, na hakuitwa popote. Mimi nadhani kitenge alichonunua kina mabinti wawili ndani yake, ila hajui namna ya kulisema. Mpigie simu. Usimweleze habari za kazi, mweleze habari ya risala. Huenda hajui kabisa kwamba ulikuwa uisome wewe.

Kwenye mahafali ya mdogo wako nenda, na siku hiyo iwe yake peke yake. Vaa kitenge, mvishe maua. Machozi yakikutoka yatoke, mahafalini hakuna anayeshangaa machozi. Usiombe kipaza sauti, wala usikubali mshereheshaji akutaje kama mhitimu aliyekosa sherehe. Mahafali yako yaombee siku nyingine. Najua darasa lenu lina kundi la WhatsApp, kila darasa linalo. Waulize wangapi wangependa Misa ya shukrani shuleni, Jumamosi moja, wazazi wakiwapo. Utashangaa ni wangapi walikuwa wanangoja mtu aanze. Mwombeni Sista Mkuu tarehe, hata kama aliyewafundisha amehamishwa, na mwambieni mnataka mambo mawili tu: majina yaitwe, na risala isomwe kama ilivyoandikwa Machi 2020, bila kurekebishwa. Chakula mtachanga wenyewe, sasa mna mishahara. Barua iandike wiki hii, kabla ratiba ya muhula haijajaa.

Swali: Mwalimu, binti yangu anamaliza kidato cha nne kwa masista. Mahindi mwaka huu hayakutulipa. Mchango wa mahafali sina, joho sina. Nimwambie abaki bwenini siku hiyo?
*Mama wa Songea*

Jibu: Hapana, mama. Mchango wa mahafali si ada ya mtihani, na kuukosa hakumzuii kukaa kwenye chumba cha mtihani. Lakini msichana akibaki bwenini anasikia nyimbo zote kupitia dirishani, na hilo hatalisahau. Nenda ukamwone Sista Mkuu sasa, wewe mwenyewe, usimtume mtoto. Mweleze hali ilivyo, umwombe binti asimame kwenye mstari na sare yake ya kila siku. Kama unaweza kupeleka debe la mahindi au kuku mmoja jikoni kwao, peleka. Kama huwezi, nenda mikono mitupu. Kisha siku yenyewe fika mapema, ukae viti vya mbele, ili jina lake likiitwa asikutafute kwa macho.