Eko kusoma 48% si nusu ya moyo kufa

Pole kaka. Unasema eko, yaani kipimo cha ultrasound ya moyo, imesoma 48%, na kwa miaka yako 46 unaona nusu ya moyo imekufa. Sivyo. Hakuna moyo unaotoa damu yote. Ulio mzima husukuma kama 55 hadi 70 ya kila mia iliyojaa ndani. Wako umepungua kidogo tu, kundi la 41 hadi 49. Kinachonitia wasiwasi ni presha uliyoigusia juu juu. Hiyo huuchosha moyo taratibu, dawa usiruke. Muulize daktari chanzo, na lini urudie eko. Kayabo, yule samaki mkavu wa soko la Mwaloni kule Mwanza, na chumvi yake ile, muache. Asubuhi ukishakojoa panda mzani: ukiongezeka kilo mbili ndani ya siku tatu, soksi ikiacha shimo mguuni, au pumzi ikikukata ukilala chali, nenda hospitali siku hiyohiyo.