Jibu: Mama kaambiwa awekewe betri ya moyo, atapasuliwa kifua?

Pole na kuuguza, ndugu yangu. Umesema mapigo ya mama ni 38 kwa dakika na amezimia mara mbili. Kawaida mtu mzima aliyetulia huwa na 60 hadi 100, kwa hiyo daktari hajakurupuka.

Kifua hakipasuliwi. Baba yangu, mzee wa Machame, alichomwa ganzi chini ya mtulinga wa kushoto, ule mfupa wa kati ya shingo na bega, wakachana ngozi kidogo, wakapitisha waya kwenye mshipa hadi ndani ya moyo, kisha kifaa chenyewe, yaani hiyo betri, wakakizika chini ya ngozi. Alikuwa macho, anawasikia wauguzi wakipiga soga! Ukimgusa pale unahisi kitu kama kiberiti kilicholala. Kifaa hakisukumi damu. Kinausikiliza moyo, ukichelewa kupiga kinaushtua kwa umeme kidogo sana ambao mgonjwa hata hausikii.

Shida ilikuwa kumtuliza nyumbani. Wiki za mwanzo mkono wa upande ule hauinuliwi juu ya bega, waya usije ukachomoka. Siku ya tisa tukamkuta kihambani, shamba la migomba la nyumbani, na panga, anakata mkungu wa ndizi. Mfiche panga mapema.

Mama simu asiiweke mfuko wa shati upande wenye kifaa. Kadi ya kifaa atembee nayo, na kliniki asikose, maana betri huisha baada ya miaka kadhaa. Kwa sisi wa Moshi, waulizeni hospitali ya KCMC kuhusu rufaa. Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete, Dar, wanaziweka.

Akizimia tena, msisubiri tarehe aliyopangiwa, mpelekeni hospitali.