Dawa ya kibaiolojia nayo inataka barakoa

Tangu kantangaze, mdudu ambaye viwavi wake hushambulia nyanya, aanze kuzoea dawa za kemikali, wakulima wengi wa nyanya huku Tengeru tumegeukia za kibaiolojia, yaani zinazotengenezwa kwa vijidudu kama bakteria na fangasi. Naziunga mkono kabisa. Linalonikera ni kauli ya dukani: "Hii ni bakteria tu, haina madhara." Mtu akishasikia hivyo anavua barakoa.

Bacillus thuringiensis, bakteria anayetumika kwenye dawa hizi, humuua kiwavi aliyeila, na kwa njia hiyo binadamu haimgusi. Mzio ni habari nyingine. Protini ya bakteria au ya fangasi kama Beauveria, hata ikiwa imekufa, ni kitu kigeni ambacho mwili unaweza kuanza kukipiga vita. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 1999 ulikuta vibarua wa mashambani waliopata dawa hiyo ya Bacillus wamejenga kingamwili za mzio dhidi yake, ingawa ugonjwa wenyewe haukuonekana. Na usitulizwe na karatasi ya dawa inayosema kipimo cha mzio wa ngozi hakikuonyesha kitu: vipimo hivyo vilibuniwa kwa kemikali zinazopenya ngozi, na spora, yaani chembe ndogo za kuzaliana za vijidudu hivi, hazipenyi namna hiyo. Ndiyo maana Ulaya lebo za dawa hizi hutahadharisha kwamba vijidudu vinaweza kuleta mzio.

Mimi nasimamia wapulizaji kwenye kitalu nyumba, na jicho langu liko zaidi kwenye kuchanganya kuliko kupuliza. Fungua pakiti ya unga jua la asubuhi likipiga mlangoni, utaona vumbi linavyopanda hadi usawa wa pua. Kwa hiyo tunachanganyia nje, upepo ukiwa mgongoni, maji yakitangulia kwenye ndoo. Barakoa ni ya N95, ile inayochuja vumbi laini; kitambaa hakitoshi. Dawa ikipatikana ya maji badala ya unga, nachukua hiyo. Mwenye pumu hachanganyi, hata akisisitiza kwamba anaweza.

Mzio hauji siku ya kwanza. Mtu anaweza kufanya kazi msimu mzima salama, kisha mwili ukabadilika. Huwa nawauliza vijana: kifua kinabana jioni ya siku ya kupuliza? Ukipumzika nyumbani unapata nafuu? Mmoja alijibu ndiyo kwa yote mawili. Nikamhamishia kwenye kufunga kamba za nyanya, mbali na dawa, na nikamtuma hospitali akiwa na pakiti mkononi, maana jina la kijidudu limeandikwa pale na daktari hawezi kulikisia.